Karani na Kiti Chake



Kamati imeniomba niseme machache juu ya afya ya wafanya kazi. Mimi si daktari. Ni karani, mtu akaaye kitini tangu saa mbili za asubuhi hata saa kumi na moja za jioni.

Mwaka jana nalipanda kilima kwenda mazishini kwetu, nikasimama mara tatu nipate kuvuta pumzi. Mzee mmoja aliyebeba benchi la wageni kichwani akanipita, akanisalimu. Mimi sijatimiza miaka arobaini. Niliona haya.

Tangu siku hiyo nimesoma habari za daktari wa Uingereza, Jerry Morris. Mwaka 1953 yeye na wenzake walitangaza uchunguzi wao juu ya mabasi ya London, yale ya orofa mbili. Dereva na kondakta walikuwa katika basi moja, lakini dereva alikaa kutwa, na kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tikiti. Ikaonekana kwamba ugonjwa wa moyo uliwapata madereva zaidi kuliko makondakta. Kadhalika wapeleka barua, waliokwenda kwa miguu na kwa baiskeli, walisalimika kuliko makarani wa Posta. Mwaka 1956 walitazama hata vipimo vya suruali za kazi, na viuno vya madereva vilikuwa vipana zaidi! Morris mwenyewe aliishi hata miaka 99.

Tusidhani kwamba lazima mtu awe mcheza mpira. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 kwamba mtu mzima apate dakika 150 hata 300 za mwendo wa kadiri kila juma, na kwamba hata dakika chache chache zina faida. Basi ngazi za ofisini zimo katika hesabu.

Lakini sisi twafanyaje? Twangoja lifti ya kutupeleka orofa ya pili. Chai huletwa na tarishi, faili huletwa na tarishi. Na tarishi huyo, mwenye umri wa baba yangu mdogo, hupanda ngazi bila kuhema. Nilipoanza kuchukua faili mwenyewe, mkubwa mmoja aliniuliza kama sina kazi. Nawaomba wanachama walio wasimamizi wasimhesabu kuwa mvivu karani ainukaye mara kwa mara.

Chama chetu hukusanya fedha za wagonjwa na wafiwa, wala hatutaacha. Lakini baadhi ya wagonjwa hao ni wenzangu wa mezani, wameshikwa na shinikizo la damu na kisukari wakiwa bado vijana.

Kwenu wazee wangu nina ombi zito zaidi, nanyi mniwie radhi. Kijana msomi akionekana barabarani kwa miguu, au ameshika jembe siku ya Jumamosi, husemwa: “Kusoma kwake kote amepata nini?” Maneno hayo huuma. Wengi hupanda matatu kwa mwendo wa dakika kumi, si kwa uchovu, bali kwa kuogopa kusemwa nanyi. Mkituona twatembea, tafadhalini tusalimuni tu.

Leo mkutano ukiisha nitakwenda stendi kwa miguu. Atakayependa kufuatana nami, nitamngoja mlangoni.