Kemia Imo Mwilini na Majumbani Mwetu



Nimepewa nafasi hii nizungumzie ufundishaji wa Kemia katika shule za sekondari. Huenda baadhi yenu mkajiuliza: jambo hili linamhusu nini asiyekuwa mwalimu? Linamhusu sana, kwani kijana anayeiacha Kemia hujifungia mlango wa udaktari na ufamasia. Na wengi huiacha si kwa kukosa akili, bali kwa kuwa somo limeletwa kwao kama orodha ya alama za kukariri.

Rai yangu ni moja. Mwalimu na aanze na kile ambacho mwanafunzi amekwisha kukiona, nyumbani au katika mwili wake mwenyewe, kisha amwongoze hatua kwa hatua mpaka afike kwenye hesabu. Mfano usiofika kwenye kipimo hubaki kuwa hadithi tu.

Tutazame chokaa. Huku pwani wazee wetu wamechoma mawe ya matumbawe kwa karne nyingi, na nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar zimejengwa kwa chokaa hiyo. Mchoma chokaa anajua kuwa jiwe huingia motoni zito na kutoka jepesi. Uzito umekwenda wapi? Swali hili liulizwe kabla ya kuandikwa lolote ubaoni. Jiwe hilo kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti, na moto mkali huifukuza hewa ya ukaa iliyomo. Kilo 100 za kalsiamu kaboneti safi hubakiza kilo 56 za chokaa, na kilo 44 hupaa angani. Sasa mlinganyo ukiandikwa, mwanafunzi anajua unasema nini.

Hewa hiyohiyo imo katika pumzi zetu. Mwalimu achanganye chokaa na maji, aache yatulie, kisha achukue maji maangavu ya juu. Mwanafunzi apulize humo taratibu kwa mrija, wala asinyonye. Maji yatageuka meupe, kwa maana lile jiwe limeanza kurudi. Hewa tunayovuta ina ukaa wa takribani asilimia 0.04, ilhali ile tunayotoa ina takribani asilimia 4. Ziada hiyo hutokana na chakula, ambacho mwili hukiunguza polepole kwa oksijeni ndani ya seli. Hivyo katika glasi moja Kemia na Baiolojia zimekutana.

Ama mkaa, huo una somo zito zaidi. Ukipata hewa haba hutoa kwa wingi kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Himoglobini, yaani ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, hushikamana na sumu hii kwa nguvu inayozidi mara 200 ile ya kushikamana na oksijeni. Ndiyo maana watu hulala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa wasiamke tena. Mwanafunzi aliyelielewa somo hili atalitoa jiko chumbani usiku huohuo. Aliyekariri alama tu atafaulu mtihani, kisha alale nalo.

Hata sura ya moli, inayowatisha wengi, ina mfano wake. Chukueni pakiti ya ORS anayopewa mtoto anayeharisha. Kwa kipimo kilichotangazwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, katika lita moja ya maji kuna gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi, pamoja na madini mengine. Gramu 13.5 tukizigawa kwa 180, tunapata moli 0.075 za glukosi. Gramu 2.6 za chumvi tukizigawa kwa 58.5, tunapata takribani moli 0.044 za sodiamu, na sitreti iliyomo huongeza takribani 0.03. Jumla inakaribia 0.075. Uzito ni mbalimbali, lakini idadi ni sawa! Utumbo hufyonza sodiamu na glukosi kwa pamoja, na maji huzifuata. Kwa hiyo moli ni njia ya kuhesabu chembe tusizoweza kuziona. Na hesabu hii si ya mchezo: anayekoroga pakiti ya lita moja katika glasi moja humzidishia mtoto chumvi na kumhatarisha.

Sisemi kuwa jikoni panatosha badala ya maabara. Maabara yatupasa kuzidai na kuzichangia. Lakini shule isiyo na maabara isiwe na kisingizio cha kufundisha kwa kukariri, maana chokaa, mkaa na chumvi havikosekani katika kijiji chochote.

Nanyi wazazi, binti akanda unga na kuuliza kwa nini hamira huumua, msimwambie anyamaze. Kama jibu hamnalo, mtumeni akamwulize mwalimu wake, na akirudi awafundisheni. Siku hiyo atakuwa ameanza kuwa mwanakemia.