Ada ya Mlangoni: Gemu, Blogu na Kijana wa Moshi

(Haya ni maneno niliyoyasema kwenye kikao cha vijana wetu hapa Moshi Mjini. Nimeyanyoosha kidogo, mengine nimeyaacha yalivyotoka mdomoni.)

Mwenyekiti amenipa dakika kumi na tano na ameninong'oneza nisizimalize zote. Nitajaribu.

Nimeombwa niongelee "vijana na uchumi wa kidijitali". Neno hilo mimi silipendi, kila waziri analo mdomoni. Kwa hiyo nitaongelea magemu. Naona wazee wawili pale nyuma wameshaangaliana. Nipeni dakika tano, wazee wangu, mkiona ni upuuzi mninyooshee mkono.

Waliokulia Majengo, Njoro au Pasua wanalijua banda la gemu. Televisheni mbili tatu, PlayStation ya zamani, pedi iliyofungwa na selotepu, mechi moja kwa mia mbili, ukifungwa unampisha mwenzako. Sisi wote mle ndani tulikuwa wachezaji. Hakuna aliyewahi kuuliza hili dude linatengenezwaje, kwa sababu lilikuwa limefungwa. Unaweka diski, unacheza, unalipa, unatoka.

Sasa niwapeleke Kibosho. Kuna dogo mmoja huko, jina simtaji, anachora mabasi. Kuna gemu la simu linaitwa Bus Simulator Indonesia, lilitoka mwaka 2017, limetengenezwa na Waindonesia wa kampuni ya Maleo. Hao jamaa waliacha nafasi: unaweza kuingiza basi lako mwenyewe, kwa rangi zako. Basi vijana wa Kitanzania wakaingia. Huyu dogo anachora mabasi ya Moshi kwenda Dar, hadi maandishi ya kioo cha nyuma, hadi tope la mlangoni wakati wa masika. Anatumia simu tu. Hajasomea popote. Alianza na rangi, sasa anajifunza kuunda umbo la basi lenyewe, na juzi ameniuliza habari za kuandika programu. Mnaona njia ilivyo? Anachezea, anachora, anaunda, mwisho anaandika. Hakuna aliyemwambia alipe kabla hajaanza.

Kwenye mashine za gemu za nyumbani, zile za kuunganisha na televisheni, hadithi ni tofauti, nayo inatuhusu. Mashine hizo zimefungwa kwa makusudi. Programu isiyo na idhini ya kampuni haiingii, na idhini kwa kawaida hupewa makampuni, si mtoto wa mtu aliyekaa sebuleni kwao. Mwaka 1997 Sony waliwaletea watu wa Ulaya na Marekani kitu kinaitwa Net Yaroze: PlayStation nyeusi, inauzwa pamoja na vifaa vya kutengenezea gemu lako mwenyewe. Bei yake Marekani ilikuwa kama dola 750. Mwisho wa mwaka 2006 Microsoft wakaja na lao. Programu ya kutengenezea, XNA Game Studio Express, walitoa bure, unatengeneza kwenye kompyuta yako. Ukitaka gemu lako liwake kwenye Xbox 360, hapo unalipa uanachama: dola 99 kwa mwaka, au dola 49 kwa miezi minne. Kwa kiwango cha wakati ule dola 99 ni zaidi ya laki moja ya kwetu.

Na mwanzoni ukitaka rafiki yako acheze gemu lako kwenye Xbox yake, naye alipe uanachama. Yaani umepika wali, jirani akitaka kuonja naye akanunue leseni ya kula! Kuuza kwa watu wa kawaida kulikuja mwaka 2008.

Hata hivyo nataka niwe mkweli, maana sisi wapinzani tunapenda kulaani kila kitu. Ule mpango ulikuwa na mazuri. Bei iliandikwa, kila mtu aliiona, hukuhitaji kumjua mtu ofisini. Kujifunza kulikuwa bure, ada ilianza pale unapotaka kuingia kwenye mashine yenyewe. Na kuanzia 2008 wanafunzi waliweza kupata uanachama huo bure kupitia mpango ulioitwa DreamSpark. Kampuni ya kibepari kabisa, inayotafuta faida, iliona kwamba mwanafunzi ukimtoza mlangoni unapoteza mtengenezaji wa kesho. Mmarekani mmoja, James Silva, alishinda shindano lao mwaka 2007 na gemu alilotengeneza mwenyewe nyumbani, na mwaka 2009 likauzwa kwenye duka kubwa la Xbox pamoja na ya makampuni.

Mabaya yalikuwa mawili. La kwanza, kulipa kwenyewe kulikuwa na orodha ya nchi. Huduma ya Xbox ya mtandaoni ilipofika Afrika kusini mwa Sahara, mwaka 2010, ilifika Afrika Kusini. Mtanzania hakuwemo, hata kama ana hizo dola mfukoni. La pili, mwenye nyumba akichoka anafunga. Mwaka 2017 lile duka la magemu ya watu binafsi lilifungwa, na yale ambayo hayakuwa kwingine ndiyo basi tena.

Simu zimepunguza hilo. Kuweka gemu kwenye duka la Google unalipa dola 25 mara moja tu. Apple bado ni dola 99 kila mwaka.

Sasa wazee wangu, hapa ndipo siasa inapoingia.

Mwaka 2018 serikali yetu ilitoa Kanuni za Maudhui Mtandaoni, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Mwenye blogu, hata kama anaandika kwa mapenzi tu, hata kama hajaingiza senti, atafute leseni. Laki moja ya kuomba, milioni moja ya leseni, milioni moja ya ada ya mwaka. Jumla shilingi 2,100,000 kabla hujaandika neno "habari". Ukikaidi, faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miezi 12, au vyote pamoja. Wadau walikwenda Mahakama Kuu Mtwara kuzipinga, hawakufanikiwa. Mwezi Juni mwaka huo huo JamiiForums ilijizima kwa muda.

Pigeni hesabu. Milioni 2.1 kwa wakati ule ilikuwa kama dola 930. Microsoft, wenye mashine yao na duka lao, walitaka 99. Serikali ambayo blogu hiyo haikuijenga, wala haiihifadhi kwenye kompyuta zake, ilitaka zaidi ya mara tisa.

Subirini, kuna tamu zaidi. Mwaka huo huo, Desemba 2018, Rais Magufuli alitoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo. Machinga mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka alilipa shilingi 20,000 akaachwa afanye biashara. Hilo mimi nalisema wazi, wazo lilikuwa sahihi, hata kama ugawaji wake ulikuwa na vurugu zake. Mama anayeuza ndizi Mbuyuni na kijana anayeandika blogu chumbani kwake Soweto hapa hapa mjini, wote hawafikishi milioni 4. Mmoja elfu ishirini, mwingine milioni mbili na laki moja. Nani alikaa akapanga hivi? Mama wa ndizi hawezi kumuuliza mkuu wa wilaya swali gumu likasomwa Mtwara na Kigoma. Mwenye blogu anaweza. Mimi naona jibu ni hilo.

Ada zile zilishushwa baadaye, kweli, tusiseme uongo. Ila hofu haikushushwa. Yule dogo wa Kibosho aliniuliza: "Bro, nikifungua blogu niweke mabasi yangu watu wapakue, nitakamatwa?" Mabasi ya kuchora! Nilikaa nikatafuta jibu la ndiyo au hapana, nikakosa. Mtoto wa miaka kumi na saba asipojua kama kuchora ni kosa, hachori. Hakuna haja ya kumkamata.

Tena hili sisi wa mlima tulipaswa kulijua kuliko wote. Babu zetu walipoanza kupanda kahawa kwenye vihamba, walowezi walitaka wazuiwe. Jirani zetu wa Kenya walizuiwa kweli, hadi miaka ya 1930. Hapa wazee waliunda chama chao mwaka 1925, KNPA, Joseph Merinyo akiwa rais wake, kulinda haki hiyo ya kupanda. Mwaka 1933 ikaja KNCU. Makato yalikuwepo, ugomvi ulikuwepo, hata fujo za mwaka 1937 zilitokea, lakini ugomvi ule ulikuwa juu ya kahawa iliyokwisha kuvunwa: iuzwe wapi, kwa bei gani. Mche wenyewe mtu alipanda. Shule nyingi mnazoziona kuanzia Machame hadi Rombo zimetoka kwenye ile kahawa. Wangeambiwa kila mwenye miche kumi alipe kwanza leseni ya mkulima mkubwa, leo tungekuwa tunazungumza nini?

Kwa hiyo ninachoomba kiingie kwenye mapendekezo yetu ya ilani ni kifupi. Anayetengeneza gemu, blogu, video au programu, asitozwe ada wala leseni hadi mapato yake yapite ile milioni 4 ambayo sheria ya kodi ya mapato tayari inaitambua kwa mfanyabiashara mdogo. Akipita, alipe kama wengine. Akitukana watu au akiiba, sheria za makosa hayo zipo. Na TCRA iandike kwa Kiswahili chepesi, ukurasa mmoja, nani anahitaji leseni na nani hahitaji.

Kabla hamjapiga makofi: na sisi humu ndani fomu za kugombea zina bei. Najua chama kinahitaji hela, naelewa. Lakini kuna dada hapa alishindwa kuchukua fomu mwaka uliopita kwa sababu hiyo, na mnamjua. Mwenyekiti, usinikazie macho, nimebakiza kidogo.

Jumamosi saa nne, hapa hapa ofisini, yule dogo anakuja kuonyesha anavyochora. Laptopu tunazo mbili, umeme wa jengo hauaminiki. Mwenye simu nzuri aje nayo, na chaja yake.