Kijana Mkomunisti Atakaye Kuandika Ilani Mpya



Wako vijana siku hizi, hata katika miji midogo iliyo kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, ambao hujiita Wakomunisti pasipo kunong'ona. Zamani neno hilo lilitosha kumtia mtu kizuizini. Leo mtu aweza kulitamka dukani hapa Malili huku akinunua sukari, na mwenye duka asiinue hata kichwa. Miongoni mwa vijana hao wako wenye hamu ya kuandika ilani mpya, yaani tangazo la siasa litakaloeleza ni nani anayeonewa, ni nani anayeonea, na la kufanywa ni lipi. Waona kwamba ile ilani ya kale imechakaa. Hamu hiyo haifai kuchekwa. Lakini yafaa kijana wa namna hiyo, kabla hajashika kalamu, atazame jinsi waliomtangulia walivyofanya, maana baadhi yao walipita karibu sana na mahali hapa.

Ilani ya kale yenyewe ilipigwa chapa London mwezi wa Februari 1848, kwa lugha ya Kijerumani, nayo ilikuwa kijitabu cha kurasa 23 tu. Karl Marx alikuwa na umri wa miaka 29, na mwenzake Friedrich Engels miaka 27. Wengi hudhani kwamba watu hao wawili waliketi peke yao wakaota mambo makubwa. Sivyo. Waliagizwa na Umoja wa Wakomunisti, chama kidogo ambacho wengi wa wanachama wake walikuwa mafundi wa Kijerumani waliokaa ugenini: washonaji wa nguo, washona viatu, watengenezaji wa saa. Engels alianza kwa kuandika maswali na majibu kama ya kitabu cha katekisimu, kisha akaona hayafai. Marx naye alikawia, hata mwezi wa Januari 1848 wakubwa wa chama wakampelekea barua kali ya kumtaka alete maandishi kabla ya tarehe 1 Februari. Basi hata yeye alihimizwa kama fundi aliyekawia na suruali ya mwenyewe.

Jambo la pili la kukumbukwa ni hili. Mwaka wa 1872, ilani hiyo ilipotolewa tena, Marx na Engels waliandika dibaji wakakiri kwamba mambo mengine yaliyomo, hasa yale madai ya mwisho wa sehemu ya pili, yangeandikwa kwa namna nyingine kama yangeandikwa wakati ule. Ilikuwa imepita miaka 24 tu. Kwa hiyo kijana atakaye kuandika upya hawavunjii heshima wazee wale. Kazi ngumu ni kupata jambo lake mwenyewe la kuandika.

Katika Kenya alikuwako kijana mmoja aliyelipata. Makhan Singh alizaliwa Punjab, nchi ya India, mwaka wa 1913, akaja Kenya mwaka wa 1927. Baba yake, aliyekuwa fundi seremala, alianzisha kiwanda kidogo cha kupiga chapa mjini Nairobi, na mwana akajifunza kazi humo. Mtu aliyekulia penye mashine ya chapa hujua gharama ya kila neno. Mwaka wa 1935 alifanywa katibu wa chama cha wafanyakazi, na mwaka wa 1937 chama hicho kikaongoza mgomo wa mafundi wa Kihindi wa Nairobi uliochukua siku 62. Alikuwa hajatimiza miaka 25. Chama hicho hakikufunga mlango kwa ajili ya rangi ya mtu, jambo lililokuwa geni katika Nairobi ya siku zile, ambamo hata vyoo vilikuwa na kabila.

Mwaka uliofuata yalizuka matata ya ng'ombe wa Ukambani. Wazee wengi wa pande hizi waliyasikia kwa baba zao. Serikali ya wakati ule iliona kwamba udongo wa Wilaya ya Machakos, ambayo hapo zamani ilikuwa pamoja na Makueni yote, ulikuwa ukichukuliwa na mvua, na milima ilikuwa imebaki mifupa mitupu. Hayo yalikuwa kweli, wala si haki kuyakana. Lakini dawa iliyochaguliwa ilikuwa kuwapunguza ng'ombe wa watu kwa nguvu. Walikamatwa, wakapelekwa mnadani, wakauzwa kwa bei ya chini; na wakati huo huo kampuni ya Liebig ilikuwa imejenga kiwanda cha nyama Athi River, nacho kilihitaji ng'ombe wengi. Wakamba hawakuhitaji mwalimu wa kuwafundisha kuyaunganisha mambo hayo mawili. Tena walikumbuka kwamba sehemu kubwa ya nyanda za malisho za upande wa Konza na Ulu zilikuwa mikononi mwa walowezi, hivi kwamba mifugo ilisongamana katika hifadhi ndogo, kisha mwenye mifugo akalaumiwa kwa kusongamana huko.

Mwezi wa Julai 1938, watu zaidi ya elfu moja, wanaume na wanawake na watoto, waliondoka Ukambani kwenda Nairobi kumwona Gavana, Sir Robert Brooke-Popham. Kiongozi wao alikuwa Samuel Muindi Mbingu, wa Chama cha Wanachama wa Ukamba. Walipiga kambi mjini, wakakaa majuma kadhaa, wala hawakufanya fujo. Gavana hakukubali kuwasikiliza huko. Mwezi wa Agosti alikwenda mwenyewe Machakos akafanya baraza. Mwezi wa Septemba Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa Lamu, mahali ambapo hapana ng'ombe wa kumkumbusha nyumbani. Hata hivyo, kabla ya mwaka kwisha, Serikali iliacha kuwachukua ng'ombe kwa nguvu. Wakamba walipata marafiki wachache: Isher Dass, Mhindi aliyekuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, aliwasaidia, na Jomo Kenyatta, aliyekuwa London, alieneza habari zao huko.

Hakuna ilani iliyoandikwa katika safari ile. Kulikuwa na barua za malalamiko, na zaidi ya hizo kulikuwa na dai moja ambalo hata mtoto mchunga ndama aliweza kulikariri: ng'ombe warudishwe. Yamkini hiyo ndiyo sababu lilishinda.

Makhan Singh aliyaona hayo akiwa Nairobi. Mwisho wa mwaka wa 1939 alikwenda India, na mwaka wa 1940 akatiwa kizuizini huko. Baadaye alifanya kazi katika gazeti la Wakomunisti wa Punjab. Alirudi Kenya mwaka wa 1947, na tarehe 1 Mei 1949 yeye na Fred Kubai wakaanzisha shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Afrika ya Mashariki. Kisha, tarehe 23 Aprili 1950, katika mkutano mkubwa uliofanywa ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, alisimama akaomba azimio la mkutano liongezwe neno: kwamba nchi za Afrika ya Mashariki zipewe uhuru wao, tena mara moja. Kwa wakati ule, hata wanasiasa wengi hodari walikuwa wakiomba viti viwili vitatu zaidi katika Baraza. Yeye aliomba nyumba nzima.

Maneno hayo, ukiyaandika, hayajazi hata nusu ya ukurasa. Lakini nyuma yake ilikuwako kazi ya miaka kumi na mitano ya kupokea ada za wanachama, kupiga chapa matangazo na kusikiliza kesi za watu waliofukuzwa kazini. Siku 22 baadaye, tarehe 15 Mei, yeye na Kubai walikamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma kwa siku zipatazo tisa. Miongoni mwa madai yao lilikuwako la mshahara usiopungua shilingi 100 kwa mwezi. Tazama jinsi uhuru wa nchi na shilingi 100 vilivyotembea pamoja, pasipo kimoja kuona haya kwa ajili ya kingine. Mbele ya mahakama Makhan Singh hakukana kwamba yeye ni Mkomunisti. Akapelekwa Lokitaung, kisha Maralal na Dol Dol, wala hakuachiliwa ila tarehe 22 Oktoba 1961. Hiyo ni zaidi ya miaka kumi na moja. Baada ya uhuru hakupewa cheo chochote kikubwa. Aliandika kitabu cha historia ya vyama vya wafanyakazi kilichotolewa mwaka wa 1969, akafa mwezi wa Mei 1973.

Iko ilani nyingine ambayo haikuonekana kamwe, nayo inawagusa watu wa Ukambani kuliko hiyo. Mwezi wa Aprili 1965 Serikali ya Kenya ilitoa Waraka Namba 10 juu ya Usoshalisti wa Kiafrika. Tom Mboya ndiye aliyekuwa mkuu wa kazi hiyo. Waraka ulisema kwamba Kenya haitafuata mafundisho ya Marx wala ya mabepari. Lakini ndani yake lilikuwamo jambo moja ambalo wachache walilisoma kwa makini: kwamba fedha za maendeleo zitangulie kwenda mahali zitakapozaa zaidi, penye ardhi njema, mvua ya kutosha na njia za usafiri. Mtu wa Kitui au Makueni ahitaji kuelezwa maana yake? Mahali pa mvua haba paliwekwa nyuma kwa maandishi. Pio Gama Pinto, msoshalisti aliyezaliwa Nairobi na mjumbe wa Bunge, alikuwa upande wa wale waliotaka njia nyingine, na wengi wa wakati ule wamesimulia kwamba alikuwa akitayarisha hoja za kuupinga waraka huo. Alipigwa risasi mbele ya nyumba yake tarehe 24 Februari 1965, akiwa na umri wa miaka 37. Waraka ulipitishwa pasipo yeye.

Basi kijana wa leo ana nini cha kuandika? Akiandika juu ya viwanda vya Manchester na wafanyakazi wa mitambo ya mvuke, watu wa Malili watamsikiliza kwa adabu, kisha watakwenda zao kungoja basi. Lakini akitembea hatua chache kutoka barabarani ataona jambo. Mwaka wa 2009 Serikali ilinunua eka 5,000 za Ranchi ya Malili, zilizokuwa mali ya kampuni ya wanahisa wengi, ili kujenga mji mpya wa ufundi wa Konza. Rais Mwai Kibaki aliuzindua mwezi wa Januari 2013. Habari za fedha za mauzo na hati za viwanja zilifika mahakamani. Tena uliwekwa mpaka wa kilomita kumi kuuzunguka mji huo, ambamo ujenzi ulizuiwa hadi mipango itengenezwe. Mwenye kiwanja chake cha halali akawa na ardhi asiyoweza kuijenga. Reli mpya ya Nairobi na Mombasa, iliyofunguliwa mwaka wa 2017, nayo imepita katika nyanda hizo hizo.

Hapo pana maswali ambayo kitabu cha 1848 hakiwezi kuyajibu. Je, mwanahisa wa ranchi ni bepari au ni mkulima maskini mwenye kipande cha karatasi? Mama mwenye kiwanja kisichojengwa ni mwenye mali au ni mtu aliyenyang'anywa? Yule kijana wa pikipiki, ambaye huchukua abiria kwa mkopo wa pikipiki yenyewe, mwajiri wake ni nani? Thamani ya eka ilipopanda kwa sababu ya mji ambao fedha zake zimetoka kwa kodi ya watu wote, ni nani aliyestahili kupata faida hiyo? Mwandishi wa ilani asiyeweza kuyajibu hayo mbele ya wanahisa wenyewe, kwa Kikamba chepesi na kwa hesabu iliyo wazi, hajawa tayari kwa mpiga chapa. Wazee wa nzama wangemwuliza swali la pili kabla hajamaliza la kwanza.

Wala asidhani kwamba jina ni kizuizi. Mwaka wa 2019 chama kimoja kilichokuwa kimeandikishwa kilibadili jina kikajiita Chama cha Kikomunisti cha Kenya. Kizuizi cha siku hizi ni cha namna nyingine. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka wa 2011 yataka chama kitakacho kuandikishwa kikamilifu kiwe na wanachama wasiopungua 1,000, wapiga kura walioandikishwa, katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Hizo ni kaunti 24, na watu 24,000 wenye majina na namba za vitambulisho. Kaunti ya Makueni ni moja. Kitui ni ya pili, na Machakos ya tatu. Humo kijana aweza kusema juu ya ng'ombe wa 1938 akaeleweka. Baada ya hapo itambidi apande basi kwenda kwa watu wenye malalamiko mengine, mpaka Turkana, ambako Lokitaung iko bado, katika joto lile lile alilolikuta Makhan Singh.