Bwana Msa Angesemaje Juu ya Radi ya Sumbawanga?

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani kwenye mkutano wa mwaka)



Nimetakiwa kusema machache juu ya usomaji. Nitasema juu ya kitabu kilichoniudhi.

Bwenini kwetu riwaya za upelelezi zilipita kitanda hadi kitanda mpaka majalada yakabanduka. Tulimsoma Willy Gamba wa Elvis Musiba, tukaanzia Kufa na Kupona ya mwaka 1974. Lakini aliyeniteka zaidi ni Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960, maiti inakutwa mzimuni. Bwana Msa anavuta kiko chake, anauliza maswali, na mwisho anamtoa hadharani mwuaji mwenye mwili na damu. Kwa kijana wa Ufipa hilo lilikuwa jambo kubwa, maana jina la mji wetu lenyewe hufasiriwa kuwa "tupa uchawi", na hadi leo tukifika Dar es Salaam tunataniwa kwamba tunatuma radi.

Sasa, mwandishi mmoja wa siku hizi, ambaye nimemfuata kitabu baada ya kitabu na ambaye sitamtaja, ametoa riwaya ambamo mpelelezi wake anakuja Sumbawanga. Niliinunua kwa furaha. Kufika sura ya mwisho, mhalifu anauawa na radi iliyotumwa na mzee wa kijiji, na kesi imekwisha! Dalili zote tulizozikusanya tangu mwanzo hazikuwa na kazi.

Malalamiko yangu ni mawili. La kwanza ni la ufundi: uchawi ukiruhusiwa kufungua fundo, basi hapakuwa na fundo. La pili ni zito zaidi. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliposhamiri nchini kuanzia mwaka 2007, Rukwa haikusalimika. Wako pia wazee waliouawa kwa kushukiwa tu. Hadithi inayothibitisha shuku hizo si mchezo. Uwanda wetu uko juu zaidi ya meta 1,700, na mvua huja na ngurumo. Mwalimu wa fizikia atawaelezeni yaliyobaki.

Wanafunzi, msiache kusoma kwa sababu mwandishi mmoja amewaangusha. Mwaka 1893 Arthur Conan Doyle alimwua Sherlock Holmes hadithini; wasomaji wakanung'unika, na mwaka 1903 akamrudisha akiwa hai. Sauti ya msomaji ina uzito. Mimi nimemwandikia mwandishi wangu barua, kwa heshima, kurasa mbili.

Nanyi andikeni. Tuna bandari ya Kasanga, mpaka wa Zambia na maporomoko ya Kalambo. Mpelelezi hakosi kazi hapa. Ila mhalifu wenu akamatwe kwa ushahidi.