Mtego wa Polisi: Wazo la Kosa Lilitoka kwa Nani?

Mazungumzo na familia zilizohamishwa na vita pamoja na viongozi wao

 

Katika kikao kilichopita mzee mmoja alituuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu siku ile. Aliuliza: je, polisi ana haki ya kumshawishi mtu afanye kosa, halafu amkamate kwa kosa lilelile? Tumelifikiria. Leo tutaanzia mbali, Marekani, kwenye mashindano ya magari ya barabarani. Tunaanzia huko kwa sababu mbili. Kwanza, mahakama za huko zimelijadili swali hili kwa miaka mingi. Pili, baadhi ya familia za Wakongo zimepelekwa kuishi huko, na watoto wao wanaendesha magari katika barabara hizo. Baadaye tutarudi nyumbani.

Katika jimbo la California, sheria inakataza kushindana mbio za magari katika barabara za watu wote. Inakataza kwa sababu watu wanakufa: madereva wenyewe, wanaosimama kando kutazama, na wapita njia wasiojua lolote. Mara nyingi mashindano huanza kwa ishara ndogo tu. Magari mawili yanasimama kwenye taa nyekundu. Dereva mmoja anaungurumisha injini, wa pili anamjibu. Taa inapogeuka kijani, wote wanaondoka kama mshale.

Sasa tuchukue mfano. Kijana amesimama kwenye taa. Kando yake kuna gari lisilo na alama yoyote, na ndani yake polisi aliyevaa kiraia. Polisi anaungurumisha injini. Kijana anajibu, wanaondoka kwa kasi, na mbele kidogo kijana anakamatwa. Analia: "Lakini ni yeye aliyenianza!" Je, kijana huyu ametegwa?

Wengi wetu tungesema ndiyo. Lakini mbele ya hakimu wa huko, kilio hicho peke yake hakingetosha. Kumfungulia mtu nafasi ya kufanya kosa si sawa na kumsukuma aingie. Kijana angeweza kutazama mbele na kunyamaza. Hakuna aliyembembeleza, hakuna aliyemtisha.

Mwaka 1979 mahakama kuu ya jimbo la California iliweka kipimo chake. Inauliza hivi: je, alichokifanya polisi kingeweza kumsukuma mtu wa kawaida, mwenye kufuata sheria, atende kosa? Mngurumo mmoja wa injini hauwezi kumsukuma mtu wa namna hiyo. Lakini kama polisi angemfuata kijana barabara baada ya barabara, akamwita mwoga mbele ya rafiki zake, akamwahidi fedha nyingi, akamhakikishia kwamba hatashikwa kamwe, basi mizani ingebadilika. Mahakama hiyo ilitaja wazi kusihi sana, kutumia urafiki au huruma ya mtu, na kumwahidi malipo makubwa mno.

Tuwape visa viwili vya kweli, ambavyo si vya magari.

Mwaka 1930 pombe ilikuwa imekatazwa Marekani nzima. Afisa wa serikali alikwenda nyumbani kwa mtu mmoja katika jimbo la North Carolina, akijifanya msafiri. Akaomba pombe. Mwenye nyumba akasema hana. Akaomba tena, hakupata. Wakaanza kuongea juu ya vita vikuu vya kwanza, na ikaonekana kwamba wote wawili walikuwa askari wa divisheni moja. Baada ya maongezi hayo afisa akaomba mara ya tatu. Mwenye nyumba akaondoka, akarudi na pombe, akalipwa dola 5, akakamatwa. Mwaka 1932 Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta hukumu yake. Ilisema kwamba wazo la kosa lilitoka kwa afisa, naye alilipanda kwa kutumia undugu wa vita.

Kisa cha pili kilihukumiwa mwaka 1958. Mtu aliyekuwa mtumwa wa dawa za kulevya alikuwa akijitahidi kuziacha. Katika chumba cha daktari alikutana na mtu mwingine aliyesema naye anatibiwa. Kumbe huyu alikuwa akipeleka habari kwa serikali. Akamwomba amtafutie dawa. Yule akakataa. Akaombwa tena na tena, mwenzake akilalamika jinsi anavyoteseka. Mwishowe huruma ikamshinda, akamtafutia, akakamatwa. Mahakama Kuu ilifuta hukumu hiyo pia. Angalieni, ndugu: serikali ilimkuta mtu anapanda kutoka shimoni, ikamrudisha chini, halafu ikamshitaki kwa kuwa shimoni.

Mahakama kuu ya nchi nzima, katika kesi hizo, ilitazama zaidi moyo wa mshitakiwa: je, alikuwa na nia hiyo kabla ya kushawishiwa? California inatazama zaidi matendo ya polisi. Sisi tunaona kwamba kiongozi mwenye busara anahitaji macho yote mawili.

Sasa turudi nyumbani. Wazee wetu walisema: mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo.

Katika kambi moja tuliyofanyia kazi, kijana alikamatwa kwa shitaka la kutafuta risasi za kuuza. Tuliketi na wazee kusikiliza. Mtu asiyejulikana, aliyevaa kiraia, alikuwa amemjia akimwomba amwonyeshe mahali pa kupata risasi. Mara ya kwanza kijana alicheka. Mara ya pili alikataa. Mara ya tatu mtu yule alifika wakati familia ilikuwa na siku kadhaa bila chakula cha kutosha, akaweka dola 20 juu ya mkeka na kuahidi nyingine. Kijana akaenda kuuliza huku na huku. Jioni ile alifungwa.

Wazee waligawanyika. Mmoja alisema: "Risasi zinatuua. Anayezitafuta asihurumiwe." Neno hilo lilikuwa na uzito, maana yeye mwenyewe alizika watoto wawili. Mama wa kijana hakusema kitu. Kisha mzee mwingine akauliza taratibu: "Kama mtu huyu asingekuja mara tatu, kijana wetu angekuwa wapi leo?" Hakuna aliyemjibu.

Lazima tukiri upungufu wetu. Tulipotaka kumsaidia kijana mbele ya sheria, hakuna aliyekuwa ameandika chochote. Siku zipi mgeni alikuja? Alisema nini? Nani alimwona? Kila mmoja alikumbuka kwa namna yake. Kijana alikaa ndani majuma mengi, na mama yake aliuza hema la plastiki lililowafunika ili apate nauli ya kumpelekea chakula.

Ndiyo maana tunapenda sheria ya Afrika Kusini. Tangu mwaka 1996 sheria yao ya mashitaka ya jinai ina kifungu cha 252A juu ya mitego ya polisi. Kinamtaka hakimu atazame mambo mengi: mtu alishawishiwa mara ngapi? Kwa ahadi au hila gani? Je, polisi walitumia urafiki wake, huruma yake, au hali yake ya uchumi? Je, kulikuwa na njia nyingine ya kugundua kosa hilo? Mtu mwenye njaa anaelewa mara moja kwa nini hali ya uchumi imetajwa. Fedha ndogo kwa mwenye kushiba ni fedha kubwa kwa aliyelala njaa.

Msielewe kwamba tunapinga kila kazi ya siri ya polisi. Wauza silaha na wanaoiba watoto hawajitangazi sokoni. Polisi akijifanya mnunuzi mbele ya mtu ambaye tayari anauza, hajamharibu mtu huyo, amemfunua tu. Tunachokataa ni kutengeneza mkosaji mahali ambapo hakukuwa na mkosaji.

Kwa hiyo tunawaomba mambo manne.

Kwanza, wazazi, waambieni vijana wasitegemee kisingizio cha "nilitegwa". Kwanza kijana akatae, aondoke, amwambie mzee. Anayekubali kwa ishara ya kwanza, kama yule wa kwenye taa nyekundu, hatapata wa kumtetea kwa urahisi.

Pili, mgeni akija na maombi ya ajabu, andikeni: siku, saa, maneno, fedha aliyoahidi, majina ya waliomwona. Daftari moja la kamati linaweza kuokoa kijana.

Tatu, kumbukeni Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006. Kifungu cha 18 kinasema anayekamatwa aelezwe mara moja sababu, kwa lugha anayoielewa, na kushikiliwa kwa polisi kusizidi saa 48. Kifungu cha 19 kinampa haki ya kuwa na mtetezi, hata wakati polisi wanamhoji. Mwendeeni mapema, kwa utulivu, bila matusi na bila mawe.

Nne, wapeni vijana mahali pa kumalizia nguvu zao. Huko San Diego, California, polisi waliwafuata washindani wa barabarani bila huruma. Lakini tangu mwaka 1998 watu wa chuo kikuu cha huko walifungua pia mashindano halali kwenye uwanja wa maegesho wa stediamu, mahali penye usimamizi. Kijana aliyetaka kukimbiza gari aliambiwa: njoo ulikimbize hapa, usimuue mtu kule. Nasi tunao vijana wa motari na wa chukudu wenye nguvu na wasio na kazi. Kiwanja cha mpira, mafunzo ya ufundi, ushirika mdogo, ni mambo yanayompunguzia mtegaji chambo chake.

Na ninyi viongozi, mkiletewa kijana wa namna hii, msianze kwa kuuliza tu, "Umefanya?" Ulizeni pia: wazo lilitoka kwa nani, alikataa mara ngapi, na udhaifu gani ulitumiwa kumvunja? Hukumu inayopita njia hiyo hata mama wa aliyefungwa anaweza kuipokea, na hata yule mzee aliyezika watoto wake.

 Sasa tuko tayari kwa maswali yenu.