Akiba Huanzia Kichwani: Kumbukumbu na Mazoea Mema

*Mada iliyotolewa na Kamati ya Elimu siku ya sherehe ya miaka kumi ya kikundi*

Kamati tumepewa dakika kumi tuzungumzie akili: namna ya kukumbuka, na namna ya kujenga mazoea yanayodumu. Hatutawachosha, maana pilau linanukia tayari.

Kwa nini akili? Mnakumbuka masika yale kitabu cha mwenzetu kilipoloa mvua, mihuri yote ikafutika. Ungeweza kuzuka ugomvi mkubwa. Lakini waliokaa kulia na kushoto kwake walitaja idadi ileile ya hisa, na leja ikathibitisha. Hiyo haikuwa bahati, jamani. Ni kwa sababu kila mkutano tunataja hisa kwa sauti kabla ya kufunga sanduku. Vikundi vya namna hii vilianzia Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE, na akina mama wengi kule hawakujua kusoma. Hesabu waliziweka vichwani.

Wataalamu wa saikolojia wamelichunguza jambo hili. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, katika kitabu chake cha mwaka 1885, alieleza jinsi alivyojipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Baada ya saa moja zaidi ya nusu ilikuwa imempotea. Baada ya siku moja, kama theluthi mbili. Aligundua pia kwamba kurudia kidogo kidogo kwa siku kadhaa kunashinda kukariri kwa mkupuo mmoja.

Mwaka 2006 Wamarekani Roediger na Karpicke walionyesha jambo jingine. Wanafunzi waliojipima bila kutazama walikumbuka zaidi baada ya wiki kuliko waliosoma tena na tena. Kwa hiyo, mama, usilitazame tu daftari lako. Lifunike ujiulize: nina hisa ngapi? Mkopo umebaki kiasi gani? Rejesho ni lini? Kisha funua uhakikishe. Asiyejua kusoma ajiulize vilevile, mtoto amsomee jibu.

Haya, tuje kwenye mazoea. Phillippa Lally na wenzake wa London waliwafuatilia watu 96 waliojaribu kuanza zoea jipya la kila siku, kama kunywa maji baada ya kifungua kinywa. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2010, yalikuwa kwamba zoea lilichukua wastani wa siku 66 kukomaa. Wapo wa siku 18, na wapo waliokadiriwa siku 254. Hivyo asiyezoea haraka asijione mjinga.

Siri ni kulifunga zoea jipya kwenye jambo ambalo tayari unalifanya. Usiseme, "Nitaweka nikipata." Sema, "Nikishahesabu mauzo ya jioni, kabla sijafunga meza, natia mia tano kwenye kibubu." Siku ya mkutano ikifika, hisa iko tayari, huna haja ya kukimbilia kwa jirani.

Na hili mlishike sana. Watafiti hao waliona kuwa kukosa siku moja hakukuharibu zoea. Lakini kwetu wapo waliokosa wiki moja, wakaona aibu, wakapotea moja kwa moja. Walilipa faini ya aibu ambayo haimo kwenye katiba yetu! Mwenzako akikosa, mpitie nyumbani siku ileile, umwambie kiti chake kipo.

Tunapendekeza mambo matatu kwa mwaka wa kumi na moja: tuendelee kutaja hisa kwa sauti, kila mmoja awe na kibubu na saa yake ya kutia, na kila mwanachama awe na jirani wa kumfuatilia. Kumbukumbu nayo hudanganya, kwa hiyo leja ibaki palepale. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Kikundi chetu kidumu!