Njia ya Msituni Kinangop: Hotuba kwa Klabu ya Magari na Wakaazi Kabla ya Kazi ya Kujitolea

(Afisa wa barabara wa kaunti alitoa hotuba hii Jumamosi asubuhi mwezi wa Februari, kabla ya wanachama wa klabu moja ya magari ya porini na wakaazi kuanza kukarabati njia inayopanda kuelekea msitu wa Aberdare. Tunaichapisha kwa ombi la waliohudhuria.)

Naona chai imeisha, kwa hivyo nitazungumza kwa ufupi kabla jua halijawa kali.

Nianze na jambo ambalo kila mtu hapa analijua ila hataki kulitaja mbele ya wageni. Kuna wakaazi waliotaka njia hii ifungwe kabisa, na wana sababu. Mvua ikinyesha, kijana wa bodaboda mwenye mitungi ya maziwa hana pa kupita. Maziwa yakichelewa kufika kwenye lori la ushirika hurudishwa nyumbani, na hasara ni ya mwenye ng'ombe. Wengine walipinga wakisema ikifungwa, wafugaji nyuki na wanaokata nyasi ya mifugo watapita wapi? Barazani tulikubaliana kwamba njia itengenezwe, na wanaoitumia kwa burudani waje na majembe. Leo wamekuja. Tuwapokee vizuri, lakini tusiwaonee haya kuwaambia ukweli.

Wapenda magari ya porini si wageni katika mlima huu. Mashindano ya Rhino Charge yalianza mwaka wa 1989 ili kuchangisha pesa za ua wa umeme wa Aberdare. Ua huo, wenye urefu wa karibu kilomita 400, ulikamilika 2009. Walio na mashamba ya viazi karibu na msitu wanajua maana ya ndovu kubaki upande wake. Kwa hivyo sisemi kwamba gari ni adui. Nasema gari zito juu ya udongo uliolowa ni mambo mengine.

Udongo wetu wa Kinangop hushika maji. Gurudumu likipita kwenye tope huacha mfuo, na mvua inayofuata huugeuza mfuo huo kuwa mtaro. Dereva wa pili anaogopa kukwama, anapita pembeni kwenye nyasi. Wa tatu anakwepa zaidi. Baada ya msimu mmoja njia ya mita tatu imekuwa ya mita kumi, na hakuna hata upande mmoja unaopitika. Udongo unaong'oka hauishii hapa. Vijito vya upande huu huingia mto Malewa, na Malewa humwaga maji yake Ziwa Naivasha.

Sasa kazi yenyewe. Najua wengi mmekuja mkifikiri tutajaza mashimo. Mashimo yatakuja mwisho. Kwanza tutayatoa maji njiani, kwa sababu shimo lililojazwa mawe huku maji bado yanaingia litafunguka tena kabla Aprili haijaisha. Mmeona vigingi vyeupe tulivyopigilia juzi. Kila kigingi ni mahali pa tuta la kukinga maji. Tuta halikati njia moja kwa moja. Linalala mshazari likielekea upande wa chini, ili maji yakiligusa yageuke na kutoka. Likikaa sambamba na ukingo wa daraja, maji yatatulia nyuma yake, yaache matope, kisha yaruke juu. Kutoka chini ya kijifereji hadi kilele cha tuta tunataka kama sentimita 30 baada ya kushindiliwa. Ukipima udongo ukiwa bado laini utajidanganya. Mahali penye mteremko mkali matuta yamekaribiana. Penye mteremko wa wastani, wa mita 10 katika kila mita 100, tumeacha karibu mita 25 kati ya moja na jingine.

Kwenye kona yenye shimo kubwa, kata mlango wa maji kwanza, subiri likauke, toa tope lote, ndipo mawe makubwa yaende chini na marramu juu. Tafadhali msitupe matawi mabichi ndani. Dereva aliyekwama huyapenda matawi, lakini yakioza huacha pengo linalonyonya maji kama sponji, na sisi ndio tunaokuja kuyachimbua.

Kigingi cha nne kilitupa kazi. Tulikuwa tumekiweka juu ya shamba la mama mmoja aliye hapa nasi. Alituuliza, "Hayo maji mnayoyatoa njiani mnayapeleka wapi?" Mimi husikia swali hilo mara chache kuliko inavyofaa. Mtaro wowote una jirani. Tulipopima upya tuliona maji yangeingia moja kwa moja kwenye viazi vyake, basi tumekisogeza juu hadi penye nyasi nene, na mdomo wa mtaro utapangwa mawe ili maji yatawanyike polepole. Kama kuna mwingine ambaye kigingi kinamtisha, aseme sasa kabla jembe halijagusa ardhi. Hatutamwona kama mkorofi.

Katiba imezipa kaunti barabara za kaunti pamoja na kazi ya kuhifadhi udongo na maji, lakini ukivuka kizuizi pale juu uko msituni, na huko mwenye kauli ni Shirika la Huduma za Misitu. Mlinzi wa msitu yuko nasi. Mti ulioanguka njiani hautakatwa mpaka aseme, na msumeno wa injini utashikwa na wale wawili waliofunzwa peke yao. Winchi itumike kwa magogo tu. Waya ukivutwa, watoto wote wakae mbali, na watu wazima pia, maana ukikatika hauchagui.

Klabu imetia sahihi mambo mawili ambayo nataka wakaazi wayasikie kwa masikio yao. La kwanza, masika yakianza Machi, kizuizi kitafungwa na hakuna gari la burudani litakalopanda hadi tukague njia baada ya mvua, hata dereva awe hodari namna gani. Ufunguo utakaa kwa chifu. La pili, watarudi baada ya masika kuzibua midomo ya mitaro, kwa sababu tuta lisilozibuliwa hujaa matope na msimu unaofuata linakuwa bure. Wakikosa kuja, baraza lina haki ya kurudia lile ombi la kufunga njia, na mimi nitaliandika.

Magari yabaki hapa uwanjani. Vifaa vyote vitabebwa kwa mkono na kwa ule mkokoteni wa punda. Vijana wa sururu waende na mzee wa kijiji hadi kigingi cha juu kabisa, tuteremke pamoja na maji. Wenye wilbaro wanifuate mimi kwenye rundo la mawe. Chakula kitakuwa tayari saa saba.